Ujazo wa Mtungi

Watu wa siku hizi wakitaja njaa mimi huwaangalia tu. Mtu kakosa chai ya asubuhi, ati "nafa njaa." Ebo! Njaa ilikuwa mwaka ule wa arubaini na tatu, vita vimepamba moto, mvua imetukimbia, na hapa Changamwe mtu akisikia kinu kinatwangwa kwa jirani husimama njiani akasikiliza. Na nikiitaja njaa ile siwezi kumwacha nje wifi yangu Kaviha, mke wa kaka yangu Nguma. Yeye alikuwa mfinyanzi.

Mimi naitwa Kanze, na mdomo wangu mnaujua. Kaviha hakuwa na mdomo. Ukimtukana alikutazama kama anayetafuta ufa kwenye mtungi, kisha akaendelea na kazi yake. Tulikaa kiwanja kimoja miaka mingi, na sikumbuki siku aliyonishinda kwa maneno, wala siku niliyomshinda kwa jambo lolote.

Alizaliwa Rabai, nyumba ya wafinyanzi watupu, mama na bibi. Alipoolewa huku alizunguka mabondeni siku nyingi akionja udongo kwa ulimi, watu wakimcheka, mpaka akaupata mmoja mweusi, laini, upande wa kuelekea Miritini. Huo ndio alioufinyangia miaka yote. Aliuponda, akautia mchanga wa mtoni, akaukanda kwa kisigino mpaka ukatulia. Halafu alikalisha kitako cha mtungi juu ya kigae kikuukuu, akasokota udongo mrefu kama kamba, akauzungusha msokoto mmoja juu ya mwingine, huku yeye mwenyewe akizunguka kinyumenyume, kiuno kimeinama, mkono mmoja ndani na mwingine nje. Hakuwa na gurudumu wala kalibu. Mtungi ukitoka mikononi mwake ungedhani umechorwa.

Na haukununuliwa kwa pesa. Kwetu mtungi bei yake ni ujazo wake. Unaujaza nafaka mpaka mdomoni, nafaka anachukua mfinyanzi, mtungi unachukua wewe. Ila pana sharti. Mfinyanzi mwenyewe haionji nafaka ile mpaka mwezi mwingine uandame na mtungi bado wakaa na maji. Ukipasuka kabla ya hapo, ujazo unarudi kwa mwenyewe, wote, bila maneno. Wafinyanzi wengine walilipuuza sharti hilo, tukijua na tukinyamaza. Kaviha hakulipuuza hata mara moja, na mimi nilikuwa nikimwambia huo ni ujinga.

Basi vita vikaja. Kaka yangu Nguma akachukuliwa, na mume wa binti yao Sidi akachukuliwa pamoja naye, wakapelekwa ng'ambo, mwishowe Burma, na habari zikakatika. Halafu siku moja Kaviha akaenda bondeni na jembe lake na kikapu, akarudi na kikapu kitupu. Wanajeshi walikuwa wamezungushia lile bonde seng'enge. Askari alimwambia akirudi tena atapigwa risasi. Alinieleza hayo kwa utulivu, kisha akaingia ndani akajifunika kanga gubigubi, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona akilala mchana.

"Nenda Rabai ukachimbe kwenu," nikamwambia.

"Kumekauka, wifi. Shimo limekuwa jiwe. Jembe linaruka."

Mvua ilikosa mara ya kwanza, ikakosa na ya pili. Muhogo ulikufa ardhini. Tukala mtsunga wa kuchemsha, ile mboga chungu ya porini, asubuhi mtsunga, jioni mtsunga, mpaka matumbo yakatukataa. Na katikati ya hayo Sidi akajifungua mtoto wa kike. Furaha gani hiyo? Mama mwenyewe amekonda kama ng'onda, ziwa limelala kifuani halina kitu. Kichanga kilinyonya, kikaachia, kikalia. Kikanyonya, kikaachia, mwisho hata kulia kikaacha, kikawa kinafungua mdomo tu. Haki ya Mungu, heri kilio. Ule mdomo unaofunguka bila sauti sitausahau mpaka nifukiwe.

Kaviha alikuwa akikaa mlangoni anakitazama kile kichanga, mikono imemlegea mapajani. Mikono ile, ambayo sikuwahi kuiona haina kazi! Nilitamani kulia, nikamgombeza badala yake.

Hapo ndipo alipokuja Rosalia. Alikuwa mke wa Odhiambo, Mjaluo wa reli, wakikaa kule kwenye landi, zile nyumba za safu za wafanyakazi. Kiswahili chake kilikuwa kimepanda treni Kisumu na kushuka hapa kimechoka. Lakini alikuwa mtu na heshima zake. Alipiga magoti kidogo akaamkia, kisha akasema, "Mama, mimi nataka nyungu ya maji. Debe yangu ilitoboka, ingine hakuna, zote zimeenda vita. Bomba ya landi inafunguliwa asubuhi tu, halafu watu ni wengi. Sina mahali ya kuweka maji."

Kaviha akamwuliza kama ajua bei ya mtungi. Rosalia akasema ameambiwa. Mumewe hupewa posho ya mahindi, na yeye amekuwa akidunduliza kidogo kidogo, ana kiasi cha kujaza. Niliposikia "mahindi" mate yalinijaa mdomoni mpaka nikaona haya.

"Nitakufinyangia," akasema Kaviha.

Rosalia alipoondoka tu nikamrukia Kaviha. "Utamfinyangia na nini? Na makamasi?"

"Kuna udongo kule chini, kando ya mikoko."

Hata mimi nisiye mfinyanzi niliujua udongo huo. Udongo wa pwani una vipande vya makombe ya baharini. Na kila mtu wa huku ajua kombe likiingia motoni hutoka chokaa, na chokaa ikionja maji hufura. Mtungi wa udongo ule huweza kutoka motoni mzuri, ukagongwa ukalia vizuri, halafu siku za mbele ukaanza kujipasua wenyewe kutoka ndani. Mama yake Kaviha alimkataza udongo wa pwani tangu yuko mtoto. Kaviha alijua yote hayo kunishinda mimi.

"Nitayatoa makombe," akasema. "Moja moja."

Na akayatoa, jamani. Aliuleta ule udongo kwa safari ngapi sijui, akauosha chumvi kwa maji ya kisima tuliyoyabeba pamoja, akauanika, akautwanga, akaupepeta kwa ungo kama unga. Kisha akaukanda na kuupitisha vidoleni, tonge kwa tonge, na kila tonge akalitia mdomoni akalisaga kwa meno ya mbele, akitafuta kile kinachokwaruza. Alitema udongo na vipande vya kombe mpaka fizi zikamtoka damu. Nilikaa naye, nikatoa na mimi. Vipande vingine vilikuwa vidogo kuliko chembe ya chumvi. Tulivitoa, tukageuza tonge, tukaviona vingine. Kila nilipoinua kichwa nilimwona Sidi pale mlangoni na kichanga chake, nikainama tena.

Aliufinyanga mtungi kwa siku mbili, kwa kupumzika pumzika. Zamani angeumaliza kabla jua halijawa kali. Aliusugua kwa kokoto mpaka ukang'aa, akautia nakshi shingoni kwa gunzi la hindi, tukaukausha kivulini. Siku ya kuchoma tulipanga makumbi ya nazi na samadi kavu na makuti, na moto ukawaka vizuri, bila upepo. Alipouopoa aliunyunyizia uji mwembamba wa makopa ya muhogo ya mwisho tuliyokuwa nayo ili uzibe matundu, mtungi ukafuka moshi. Ulitoka mwekundu, na doa jeusi ubavuni mahali moto ulipoulamba. Mzuri, wallahi. Aliugonga kwa kifundo cha kidole, ukalia kama kengele ya kanisani.

Alitaka kukaa nao kwanza, autie maji, auangalie siku kadhaa. Ndiyo ada. Lakini siku ile kichanga cha Sidi kilikuwa hakijafungua hata macho. Kaviha akauweka mtungi kichwani akaenda nao landi hivyo hivyo, mimi nyuma yake na kikapu.

Rosalia aliujaza mahindi kwa viganja vyake mwenyewe, mpaka mdomoni, akayatikisa yakashuka, akaongeza. Mahindi ya manjano, yale ya vita. Watoto wake wawili walisimama ukutani wakiyatazama yakiingia kikapuni mwetu.  Mimi sikuwatazama tena.

Sidi alikula uji siku ile ile, na kesho yake uji, na ugali laini. Siku ya tatu au ya nne maziwa yakaja. Nilikisikia kichanga kikimeza, ku, ku, ku, nikatoka nje nikakaa nyuma ya jiko nikalia kama mjinga.

Na Kaviha hakula! Alimsagia binti yake, akanipa na mimi sahani yangu, yeye akachemsha mtsunga wake akala pembeni. Nilipandwa na wazimu.

"We mwanamke! Unga huo hapo! Unangoja nini?"

"Mwezi haujaandama."

"Sidi amekula. Mimi nimekula. Mbona hatujafa?"

"Ninyi hamkuufinyanga," akasema.

Na kila asubuhi alijikokota mpaka landi kuutazama mtungi wake. Alibisha, akaamkia, akaingia, akaupitisha kiganja tumboni mwa mtungi polepole, akaondoka. Rosalia alidhani amekuja kuomba. Siku moja alimtilia mahindi ya kuchemsha kwenye jani, na Kaviha akayakataa. Rosalia akachukia kidogo, na haki yake. Mtu anakuja kwako kila siku na macho yamezama, halafu anakataa chakula, utamfikiriaje?

Siku moja alirudi amebadilika rangi. Akakaa chini kwenye vumbi, yeye ambaye alikuwa nadhifu. "Umetoa macho," akasema.

"Macho gani?"

"Meupe. Matatu, karibu na kitako. Na moja limebanduka, limeacha shimo."

Nikaelewa ni ile chokaa. Nikamshika bega. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

Lo! Nilimtukana siku ile matusi ambayo nikiyakumbuka nasema Mungu anisamehe. Nilimwambia amemuua mjukuu wake kwa mdomo wake mwenyewe, yeye asiyekuwa na mdomo siku zote, leo ndio kaupata? Sidi alikuwa ndani ananyonyesha, alisikia kila neno. Kaviha aliniacha nimalize. Halafu akanieleza Rosalia alivyojibu alipoelezwa sharti la mwezi. Aliutazama mtungi, akaingiza mkono chini, akautoa mkavu. Akasema, "Sasa inavuja?" Kaviha akasema bado. Akasema, "Basi haijavunjika. Enda nyumbani, mama."

Tangu siku hiyo tukaishi roho mkononi. Mahindi yalikuwa yamebaki nusu ya kikapu, na kila konzi aliyosaga Kaviha aliisaga akijua huenda si yake. Alipunguza ya Sidi? Hakupunguza. Aliendelea kumpa, na yeye akaendelea kukauka. Miguu ilianza kuvimba. Alipokwenda landi alipumzika njiani mara nyingi, akishika miti.

Kisha Rosalia akaacha kumfungulia. Alitoka yeye mwenyewe mlangoni, akauvuta nyuma yake. "Watoto wangu wako na surua, mama. Usiingie, utapelekea kale katoto." Mtungi je? "Nyungu iko sawa." Mara ya pili vile vile, na ya tatu. Mwezi ulipoandama, kauzi kembamba juu ya mikoko, Kaviha alikwenda mara ya mwisho. Rosalia akamwambia pale pale mlangoni, "Nyungu yako ni mzuri sana. Maji ni baridi. Sasa kula, mama."

Kaviha akarudi, akasonga ugali, akala. Kidogo, tumbo lilikuwa limesahau. Nilimwimbia kwa furaha, nikamtania kwamba sasa atanenepa mpaka Nguma akirudi asimtambue. Hakucheka, nami nikasema ni uchovu.

Haikupita wiki, nilikuwa napita karibu na landi na mzigo wangu wa kuni, nikamwona Rosalia kwenye foleni ya bomba. Mkononi ana sufuria ya kupikia, ile ndogo ya mboga. Akaijaza, akaenda nayo ndani, akarudi mbio kupanga foleni upya, mwisho kabisa. Watoto wake walikuwa kwenye foleni pia, mmoja na kikombe, mmoja na kifuu cha nazi. Surua gani hiyo? Nikatua kuni zangu.

"Rosalia. Mtungi uko wapi?"

Akanitazama, akajua nimejua. Akanivuta kando. "Ilipasuka katikati ya usiku, maji ikajaa kwa nyumba," akasema. "Kitambo. Kabla mwezi haijatoka. Usimwambie."

"Kwa nini ulimdanganya?"

"Mimi nilizika mtoto moja mwaka jana," akasema. "Sitaki kurudishiwa hiyo mahindi. Lakini Odhiambo hajui. Akijua atakuja kuichukua. Wacha hivyo." Na akakimbilia foleni, maana bomba lilikuwa karibu kufungwa.

Nilibeba kuni zangu, sikujua nakwenda wapi. Mdomo huu! Ningeweza kuufunga? Njia nzima nilijiambia nyamaza, Kanze, nyamaza mara moja maishani mwako. Lakini Kaviha alikuwa mtu wa ukweli, na niliona ni kumdharau kumwacha ale uongo kama mtoto. Nilimkuta jikoni, sahani mapajani, tonge mkononi.

"Wifi," nikasema, "ule mtungi ulivunjika."

"Najua," akasema.

Nikakaa.

"Siku ile ya mwezi nilipitia nyuma ya landi kurudi, miguu ilikuwa hainichukui kwa njia ya mbele. Nikaviona vigae vyangu, amevifunika kwa makuti. Nikasimama pale. Nikasema nirudi, nimgongee, nimwambie nimeona. Nikasema hivyo mara nyingi." Alilitazama lile tonge. "Halafu nikaja nyumbani nikala. Nilikuwa na njaa, Kanze. Nilikuwa na njaa sana."

Akalitia tonge mdomoni, akalitafuna na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, akakata jingine. Mimi, Kanze wa maneno, niliinuka. Nilichukua kata nikamtilia maji ya kunywa.

Mvua ilikuja, hatimaye. Tulipanda, tukala mboga, tukala kunde mbichi, na kile kichanga kikaanza kutambaa na kula udongo wa ukutani. Kaviha hakungoja kuvuna. Shimo la Rabai lilipolainika tu alikwenda kwa miguu, miguu ile bado mizito, akarudi na udongo kichwani, akaenda tena. Alifinyanga mtungi mkubwa kuliko ule wa kwanza. Hakuharakisha. Aliukausha mpaka nikachoka kuuliza, akauchoma, akautia maji akakaa nao mwezi mzima, akiuzunguka kila asubuhi. Haukutoa jicho hata moja. Hakuniambia ni wa nani na sikumwuliza.

Tulikwenda pamoja. Aliubeba mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Njiani akawa anajaribu maneno yake, kwa sauti ndogo: "Mama, nimekuletea. Huu hauna ujazo. Huu ni wako." Akaona hayafai, akayabadili, akaanza tena.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke tusiyemjua, Mkamba, na mtoto mgongoni. Rosalia? Hamjui. Odhiambo wa reli? Ah, labda yule aliyekaa hapa zamani. Reli ilimhamisha, akaondoka na watu wake wote. Kwenda wapi? Hakujua. Aliuliza jirani, na jirani akasema Nakuru, mwingine akasema hapana, Uganda.

Kaviha alisimama tu na mtungi kichwani. Hakuutua. Yule Mkamba akautazama, akauzunguka, akaugonga kwa kidole ukalia, akapenda.

"Mtungi mzuri huu, mama. Unauza? Mahindi niko nayo."

"Siuzi," akasema Kaviha. "Una mwenyewe."

Na akageuka nao kurudi nyumbani.